Daktari Nekesa, Aliyegeuza Kitanda cha Baba

Nimeusoma ule ujumbe wa msiba mara tatu tangu asubuhi, na bado macho yanakataa kupeleka habari kichwani. Daktari Nekesa ametutoka.

Hapo angenirekebisha. "Fundi, macho hayana makosa. Ni kichwa kimekataa kupokea."

Wengi wenu mlimjua kama profesa mstaafu. Mimi nilimjua miaka ya sabini, alipoingia karakana yangu pale mtaa wa Kongo, Kawangware, hapa Nairobi, akitaka kisanduku cha mbao chenye vitundu viwili na kitufe. Nikamuuliza kama ni cha vifaranga. Akasema ni cha research, utafiti wake wa chuo kikuu.

Taa ya tochi inawaka kushoto au kulia, mtu akiiona anabonyeza. Basi. Nilidhani chuo kimeharibu mtoto wa watu.

Watu wakambandika jina, Daktari wa Macho. Wakapanga foleni na macho mekundu, wakitaka dawa ya matone.

"Mimi sitibu macho. Nachunguza vile mtu anaangalia."

Mzee mmoja akamwambia, "Sasa si uanze na macho?"

Siku moja tulibeba kisanduku hadi Silanga, kule Kibera, kwa mama muuza mkaa. "Mama, angalia hii doa ya katikati. Usiondoe macho hapo."

"Nikiangalia katikati, mkaa utaangaliwa na nani? Wewe?"

Nilicheka. Daktari hakucheka, aliandika. Akaniambia hiyo ndiyo data bora ya wiki: jicho linaletewa mengi, kichwa kinachagua machache.

Nikaitikia kwa heshima. Sikuwa nimeelewa kitu.

Miaka ikapita, kisha baba yangu akapooza.

Yeye na mama walikaa chumba kimoja hapo Silanga. Mkono na mguu wa kushoto viliishiwa nguvu. Maneno yalirudi, lakini uso ukabaki ukutani, upande wake wa kulia. Tukiingia, anaangalia ukuta. Mama akimsemesha, anaujibu ukuta. Anakula nusu ya ugali, halafu analalamika amepunjwa.

Baba mdogo akatoa hukumu. "Mtu akigeukia ukuta, amemaliza na nyinyi. Huyu amemkataa mkewe."

Mama akaamini. Ndoa ya miaka mingi, nami kifungua mimba nikiwa tayari na mvi. Akafunga nguo zake kwenye leso. "Narudi kwetu. Siwezi kuuguza mtu ambaye hataki hata kuniona." Hakulia. Hilo ndilo lilinitisha.

Nikakimbia kumwita Nekesa. Nisijisifu, sikuwa nimegundua lolote. Ni vile tu alikuwa daktari pekee niliyeweza kumpata bila foleni.

Alisimama mlangoni akatazama. Hakupima joto, hakushika mshipa. Alichukua ile sahani yenye nusu ya ugali, akaizungusha.

Baba akasema, "Afadhali mmeongeza," akaendelea kula.

Daktari akanigeukia. "Fundi, hiki kitanda kinageuka?"

Tukakigeuza mimi na baba mdogo, kichwa kikaenda palipokuwa na miguu. Sasa ukuta ukawa kushoto kwa baba, na chumba chote kulia. Daktari akaweka kistuli upande huo. "Keti hapa, Mama."

Baba akamtazama mama, akamtazama tena.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Nilikuwa hapa."

"Hapa wapi? Nasikia sauti tu. Nikadhani uko nje unapika."

Mama alifungua leso, akaanza kurudisha nguo, moja moja.

Daktari akatueleza polepole. Si macho, na si moyo. Ugonjwa umegonga kichwa, na kichwa kimeacha kushughulika na upande wa kushoto. Kwake huo upande haupo.

"Kwa hivyo hakumkataa?" baba mdogo akauliza.

"Hakujua yuko."

Baba mdogo akakohoa, akatoka nje kuangalia kama mvua inakuja. Jua lilikuwa kali ajabu.

Baba aliishi miaka kadhaa baadaye. Mama alikaa kulia kwake hadi mwisho, na mgeni aliyekosea upande alihamishwa kabla hajapewa chai.

Mwezi uliopita nilikuja kukuona ukiugua, Daktari. Kiti kilikuwa karibu na mlango, kushoto kwako. Bila kufikiri nikakivuta, nikazunguka kitanda, nikakaa kulia.

Ukatabasamu. "Fundi, mimi nakuona pande zote."

"Najua," nikasema. Sikuhama.

Daktari wa Macho, hukutibu jicho hata moja. Lakini mama yangu alikufa akijua alipendwa, na hiyo ni kazi ya mikono yako.

Tukikuzika nitasimama kulia. Mazoea haya ulinipa wewe.

Pumzika vizuri, rafiki yangu. Geukia upande wowote unaotaka. Tuko hapa.