Chupa ya Mwezi wa Nane

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa na umri kama wako, niliosha mwezi mzima kwenye sinki na nikafurahi jinsi chupa ilivyong'aa.

Usicheke. Au cheka tu, lakini sikiliza, maana Jumatatu unaanza kazi ya maabara pale Keroka na sijui nani mwingine atakuambia haya.

Mimi ni wa upande wa Nyamarambe, na nyumbani tulikuwa tunasugua vinyago vya mawe ya sabuni. Unakaa na beseni la maji mbele yako, unasugua kwa msasa mpaka maji yanakuwa kama uji. Vumbi la jiwe linatulia chini. Jioni unamwaga lile tope na kusuuza beseni mara tatu, kwa sababu chembe moja ikibaki itakwaruza kinyago cha kesho. Mama yangu hakuwa na mchezo na jambo hilo. Kwetu, kilichozama chini kilikuwa uchafu.

Basi nikaajiriwa kuosha vyombo katika maabara ya chuo kimoja mjini Kisii. Bosi wangu alikuwa Daktari Awuor, mama wa kutoka kando ya ziwa, mpole kweli. Alikuwa amerudi kutoka Mombasa na chupa sita, akaziweka karibu na sinki. Zilikuwa na maji, na chini yake tope la kijivu. Nikachukua moja, nikamwaga, nikasuuza mara tatu.

Daktari akaingia, hakuona. Akainua chupa nyingine dirishani na kuitikisa polepole. Chembe zikapanda, kisha zikaanza kushuka. Mwanangu, hadi leo nikifumba macho naziona.

"Angalia," akaniambia. "Kule juu baharini kuna mimea midogo, hata macho haioni. Inachukua kaboni ya hewa, hii ya moshi yetu. Wadudu wanakula hiyo mimea, wanaenda choo, wanakufa, yote inashikana, inaanguka. Wiki nyingi inaanguka tu, kwa giza. Mingi inaliwa njiani. Ile kidogo inafika chini kabisa, kaboni yake inakaa huko mamia ya miaka."

Alikuwa ametega kilindini mtego wenye mdomo mpana wa kudaka hizo chembe, na kila mwezi ulikuwa na chupa yake. Nilimsikiliza nikasahau sinki, nikasahau kelele za mjini. Nikawa niko kule chini, kimya kabisa, na kitu laini kinanishukia mabegani bila kukoma. Kisha macho yangu yakaangukia ile chupa niliyoiosha. Ilikuwa imeandikwa: mwezi wa nane.

Alipotoka kwenda kunywa chai, woga wa kufukuzwa ulinishika. Nikamimina nusu ya mwezi wa saba ndani ya mwezi wa nane, nikaongeza maji.

Alasiri akazipanga mezani. "Ya saba na ya nane ziko sawa? Na kidogo hivi? Upepo wa kusi ukikoroga bahari, mimea inazidi, hii miezi ndiyo ingekuwa nzito." Akafikiri, kisha akafungua daftari na kuanza kuandika kwamba msimu ule bahari ilibeba kidogo kuliko alivyodhani. Aliandika haraka, kwa furaha ya mtu aliyegundua jambo. Nikashindwa kuvumilia.

"Daktari, ni mimi," nikasema, nikamweleza yote.

Hakupiga kelele. Alikaa. "Ungeniachia chupa tupu, ningepoteza mwezi moja. Ningeandika sijui. Sasa nimepoteza mbili. Na ningeenda kuambia watu bahari imefanya kitu haijafanya." Halafu machozi yakamtoka, mtu mzima, mbele yangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Akanipa kalamu na lile daftari. Mbele ya miezi ile miwili nikaandika kwa mkono wangu: imeharibiwa na mwoshaji vyombo. Nikatia jina langu. Hakunifukuza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo mwanangu, usimwage kitu kabla ya kuuliza ni cha nani, hata kama kwenu kinaitwa uchafu. Na utakosea tu, sote hukosea. Ukikosea, acha pengo libaki pengo, watu walione. Ukilijaza kwa uongo, utaharibu na kile kilichokuwa kizima.

Nenda salama. Mungu akupe macho ya kuona vinavyoshuka kimya kimya, na siku mkono wako ukiteleza, akupe nguvu ya kusema "ni mimi" kabla mwenzako hajafungua daftari.