Dawa Ambayo Pacha Wangu Hakunigawia

Niliondoka Mitwaba kwa sababu ya wivu, na sitaki kulifunika hilo kwa maneno matamu. Mimi ni Kabange, wa pili katika mapacha. Kyungu, aliyenitangulia kuzaliwa, ameolewa Ruashi, pembeni mwa Lubumbashi. Kwetu mapacha hawapewi kitu mmoja mmoja. Ukimpa huyu kikwembe cha kujifunga, mwenzake naye apate. Ukimpa huyu dawa ya kikohozi, mwenzake naye anywe, hata kama kifua chake ni kizima. Kwa hiyo Kyungu alipoanza kusumbuliwa na homa na uchovu, kila zahanati ilipompa vidonge vya malaria au vya kuongeza damu, aliwapa madereva wa malori nusu yake waniletee. Nikameza. Kisha nikasikia amelazwa mjini, anapewa dawa mpya, na mwanamke mmoja aitwaye Zaina habanduki kitandani pake. Mimi sikutumiwa hata kidonge kimoja. Nikajiuliza ni nani anakula fungu langu.

Njiani nilikaa juu ya magunia ya mahindi, lori likipanda vilima na kushuka, vumbi jekundu likitujaa masikioni. Abiria wenzangu walinipa pole kwa mgonjwa wangu. Niliitika, lakini moyoni nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia Zaina. Mjini Likasi tulisimama kula bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo, nikaacha nusu ya sahani, na mimi si mtu wa kuacha chakula.

Lubumbashi tuliingia mchana, nikaenda moja kwa moja hospitalini. Nilimkuta Zaina amemshika Kyungu kidevu, akimpangusa damu kwenye fizi kwa pamba. Ndugu yangu alikuwa amekonda, mikono ina mabaka meusi kama ya mtu aliyepigwa. Ilinipasa kulia. Badala yake nikautazama ule mkono wa Zaina, jinsi ulivyojua pa kushika. Zaina ni wa familia ya Waislamu waliotoka Maniema zamani, anauza vikwembe meza moja na Kyungu sokoni Ruashi. Alinipisha kiti kwa heshima. Nilikaa bila kushukuru, nikauliza fungu langu la dawa liko wapi.

Kyungu ndiye aliyejibu.

"Zaina alitaka kukutumia, mi njo nilikatala. Hii dawa haiko ya kugawa, Kabange. Inaua bubaya pamoja na buzuri. Muntu muzima akimeza, inamuharibia damu."

Nilidhani ananificha jambo.

Asubuhi iliyofuata daktari alinieleza kwa utaratibu, akinigusa mfupa wa nyonga kwa kidole. Damu, alisema, hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Kwa Kyungu, chembe changa za damu nyeupe zimeanza kuzaana ovyo bila kukomaa, zimejaa mpaka zile za kutia nguvu, za kupigana na maradhi na za kuzuia damu kutoka hazina mahali pa kukulia. Ndiyo maana amechoka, ana homa, anavuja fizi. Ni kansa ya damu, leukemia ya mieloidi, ya aina inayokwenda mbio. Ni adimu, na ikiachwa haimsubiri mtu. Nilimuuliza kama imeletwa na vile vidonge tulivyogawana. Akasema hapana, wala haiambukizi, wala hakuna aliyemroga. Lakini nusu ya dawa ya malaria, aliongeza, haiponyi malaria ya mtu yeyote.

Mchana Kyungu alihitaji damu. Nikajitokeza kabla hawajamaliza kuuliza, maana nani mwingine mwenye damu kama yake? Walinipima, wakanikuta nina malaria. Nikaambiwa nitibiwe kwanza, dozi nzima. Zaina akapimwa, akafaa. Nilikaa kando ya kitanda nikiitazama damu yake ikishuka kwenye mrija na kuingia kwa pacha wangu. Nilikuwa nimelala na Kyungu tumbo moja, na huyu wa sokoni ndiye aliyeingia ndani yake.

Siku ya kurudi, Kyungu alikuwa akingoja kuanza dawa za sindano, kali kuliko vile vidonge alivyokuwa akimeza. Zingeufyeka uboho wote, kisha wangesubiri kuona kama utaota tena ukiwa safi. Daktari hakuahidi kitu. Nilitaka kubaki, maana mumewe Kyungu alikuwa bado mgodini mbali, ila watoto wangu nilikuwa nimemwachia mama yetu mzee.

"Rudia kwa batoto," Kyungu alisema. "Zaina atabakia."

"Na mi sasa niko nani?"

Kyungu alinishika mkono.

"We uko mapasa yangu. Zaina iko hapa."

Zaina alinisindikiza mpaka barabarani, akanibebea mfuko, nami nikamwacha aubebe.

Mitwaba nimefika na haya ya kuwaambia ninyi wa kwetu: homa isiyoisha, fizi zinazovuja, mabaka ya mtu ambaye hakuanguka, msiyafunike kwa vidonge vya kugawana. Mpelekeni mgonjwa damu yake ichunguzwe. Wivu wangu sijautua njiani. Ninao mpaka leo, na kila simu inapoita naogopa itakuwa sauti ya Zaina, na naogopa zaidi ikiwa si yake.

Mama alinipokea mlangoni, akauliza Kyungu amebaki na nani. Nilitaka kusema, na rafiki yake.

"Na ndugu yetu," nikasema, na iliniuma kulitamka.