Mama Pindo na Herufi Zisizotamkwa

Mama Pindo, fundi cherehani aliyepewa jina hilo kwa kukunja pindo lisiloonekana, alikuwa na jambo moja lililomuuma: mjukuu wake hakutaka kuzungumza naye. Mtoto alizaliwa ughaibuni na alijua Kifaransa tu. Kila Jumapili baba yake akimpa simu, alisikiliza kidogo, akairudisha na kwenda zake kucheza.

Bahati nzuri, mpangaji wa chumba cha uani alikuwa mwalimu wa Kifaransa. Wakapatana: yeye ashonewe magauni, bibi afundishwe vitenzi.

Sasa, lugha yetu haina hila. Ukiona herufi, unaitamka. Basi Mama Pindo alipoonyeshwa “ils mangent”, yaani wanakula, akakisoma kile kitenzi kwa uaminifu wote: ma-nge-nti.

“Ni silabi moja tu, mama,” mwalimu akasema. “Ishia kwenye g, tena ilainishe. Hiyo ent ya mwisho haitamkwi.”

“Haitamkwi, na ipo?”

“Ipo.”

“Mwanangu, mimi nikimwachia mteja nyuzi zinaning'inia hivyo, harudi.”

Lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame. Akaanza kukata silabi kwa mguu: “mangent”, mkanyago mmoja wa cherehani, “mangeons”, yaani tunakula, mikanyago miwili. Wateja waliofuata suruali zao walikuta fundi anajisemesha, wakakaa kusubiri. Hatimaye mwalimu mwenyewe akamvulia kofia.

Jumapili ikafika. Simu ikawekwa mezani, sauti juu, mwalimu kando. Mama Pindo, roho mkononi, akamuuliza mjukuu kama wenzake wa shule wanakula vizuri. Kwa woga, ile nti ikamponyoka.

Upande wa pili kikasikika kicheko. Mtoto akamsahihisha polepole, kwa sauti ya mwalimu mkuu, akamwamuru arudie.

Mama Pindo akarudia: ma-nge-nti.

Mtoto akacheka zaidi, akamwita baba yake aje asikie, kisha kiti kikasikika kikiburutwa karibu na simu. Wakaendelea hivyo hadi chai ikapoa, mtoto akifundisha, bibi akivurunda.

Mwalimu uvumilivu ukamshinda. “Mama,” akanong'ona, “hilo si unalijua? Jana ulilitamka sawasawa kabisa.”

Mama Pindo akaifunika simu kwa kiganja.

“Nikilipatia ataondoka,” akasema, akamrudia mjukuu wake na kukosea tena.