Samli ya Koku kwenye Usukani

Sikulazimishi uamini, lakini nilikuwepo, na ile harufu haijanitoka kooni mpaka leo. Nikikaribishwa chakula, kwanza nakinusa. Nyumbani wanadhani ni maringo ya msomi.

Nilipomaliza chuo na kukosa kazi, nilirudi Nyaishozi kumsaidia baba mdogo kwenye gereji yake. Dada yangu Koku alikuwa anaolewa na kijana wa wafugaji wa Kyerwa. Kaka wa huyo kijana alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na gari la michezo la Kimarekani, la zamani, la milango miwili, injini inanguruma kama fahali. Alitaka limpeleke Koku kanisani Jumamosi. Usukani ulikuwa kushoto, kazi yetu ilikuwa kuuhamishia kulia. Siti ya nyuma ilikuwa finyu na gauni pana, kwa hiyo Koku angekaa mbele, kushoto, pale pale tulipong'oa usukani.

Tulipofunga shafti ya usukani ikakwaruza. Grisi ilikuwa imekwisha, mvua inanyesha, maduka yamefungwa. Baba mdogo akaingia ndani, akarudi na kibuyu cha samli walicholeta wakwe. Kwetu bibi harusi hupakwa samli siku ya kutoka. Nilimwambia itachacha, itashika vumbi, itayeyuka injini ikichemka. Akacheka. "Msomi, chuma nacho kina ngozi." Akaipaka shafti yote, vidole akavifutia kwenye kiti cha kushoto.

Kesho yake jioni, mbuzi wakirudi, niliona nzi. Nzi wengi mno, na mlango wa kushoto uko wazi. Ndani amekaa mwanamke wa rika la mama yangu, amejitanda kitenge, ameinamisha uso kama maharusi wetu. Samli ilimtiririka mashavuni, ya njano, iliyooza, imenasa nywele na kutu. Ilipofika kidevuni aliikinga kwa kiganja, akajipaka upya.

"Shikamoo," akaniambia.

Hebu fikiria. Mama mzima ananipa shikamoo mimi, kama bibi harusi anavyowaamkia wakwe! Nikaanza kuwaza. Ni mgonjwa? Ametoka kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, huko Ihembe? Na nikiitikia marahaba, si nitakuwa nimekubali jambo nisilolijua? Nikiwa bado nawaza, baba mdogo akatokea nyuma yangu.

"Nimeshapakwa," yule mwanamke akamwambia. "Mnanipeleka lini?"

Baba mdogo hajawahi kumfukuza mgeni. Akamjibu kwa upole, kama mtu anayembembeleza aliyechanganyikiwa, "Jumamosi, mama. Sasa nenda ukapumzike."

Akatabasamu. Kinywani hamkuwa na meno. Ilikuwa samli tupu, na funza wakitembea ndani yake. Niligeuka nikatapika shinani mwa mgomba. Nilipoinua kichwa, kiti kilikuwa kitupu, kimebonyea. Ua mzima ulikuwa tope, lakini hapakuwa na nyayo ila zetu.

Koku tulipomweleza hakubishana. "Kiti hicho siketi. Heri nipande na ndizi."

Na kweli Jumamosi alipanda pikapu ya kubebea ndizi, gauni tumelikunja mapajani mwake. Tulipopita mbele ya gereji, honi ya lile gari ikalia. Betri nilikuwa nimeitoa kwa mikono yangu mwenyewe. Ililia, ikalia, mpaka tukaingia kanisani.

Mwenye gari hajarudi kulichukua. Tumekisugua kiti kwa sabuni, kwa majivu, kwa petroli. Mchungaji ameliombea. Bado kila Jumamosi kiti kinatoka samli iliyochacha, nzi wanakuja, na honi inalia mara moja tu, kwa ufupi, kama mtu anayeuliza.

Wewe unayeleta gari la zamani kutoka mbali, badilisha utakacho. Ila samli ya bibi harusi isiguse chuma. Na ukimkuta usiyemjua ameketi ndani, akakuuliza lini, usitaje siku. Baba mdogo alisema Jumamosi. Hakusema ipi.