Siku Niliyounganisha Sindano Mbili

Kabla ya ugonjwa huu nilikuwa mtu wa njia. Nilitoka Uvira, kule Kongo, nikiwa bado msichana, nikapita nchi moja hadi nyingine, nikafika Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, na hata hapa sikutulia. Nilibeba vitenge kichwani, leo Madisi, kesho Kawale kule Lilongwe, nyumba kwa nyumba. Mume wangu, Baba Neema, ni fundi cherehani. Yeye anaweza kukaa kwenye kiti kimoja tangu asubuhi hadi jioni. Mimi nikikaa siku mbili naanza kuikumbuka Uvira, barabara inayofuata ziwa na harufu ya ndakala, dagaa wa kwetu, walioanikwa, na moyo unaniuma. Nikitembea, unapoa.

Kiu ilianza wakati wa joto. Nilikunywa maji hadi tumbo likawa linacheza, na bado ulimi ulikuwa mkavu. Nikawa nakojoa kila saa, na kwa mchuuzi hiyo ni aibu, kuomba choo kwa watu kabla hujafungua mzigo. Sketi zikaanza kunidondoka. Baba Neema alizipunguza mara mbili. Mara ya tatu aliishika sketi mkononi, akaniangalia. Kisha sisimizi wakaanza kujipanga pale nilipokojoa nyuma ya nyumba.

Majirani walisema nimelishwa sumu. Nilinywa majani machungu nikatapika hadi nyongo. Siku nilipoanza kuhema kama mtu aliyekimbia, na pumzi yangu ikanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, Baba Neema alinifunga kwa kitenge mgongoni mwa mwendesha kabaza, baiskeli ya kubebea abiria, akaikimbilia kwa nyuma hadi kwenye zahanati. Kutoka hapo nilipelekwa hospitali kwa gari. Safari yenyewe siikumbuki.

Ilikuwa sukari. Daktari alisema vidonge havitanitosha. Nitajidunga insulini asubuhi na jioni, na kila sindano ifuatwe na chakula. Nilimuuliza hadi lini. Akasema, "Maisha yote, mama."

Hatuna friji. Muuguzi wa zahanati alitufundisha kuweka chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, na kuumwagia mchanga maji kila siku. Chupa ya insulini inakaa humo, imefungwa kwenye mfuko, juu kitambaa kilicholowa. Baba Neema alikiweka chungu kwenye kona karibu na cherehani yake. Tangu siku hiyo sikulala nje ya nyumba. Nilikuwa nikifika Kawale natazama jua, nipate gari la kunirudisha kabla ya sindano ya jioni. Madisi niliiacha.

Baba Neema alikuwa akinitania. "Hapa palikuwa prizo zamani," alisema, maana kambi yetu iliwahi kuwa gereza. "Walifunga bantu kwa matofali. We njo wa kwanza kufungwa na chungu."

Nilicheka naye, lakini usiku nilikichukia chungu kile.

Huko Kawale nina mteja anaitwa Mai Chikondi, mjane anayependa vitenge na televisheni kwa kiasi kilekile. Ana dishi linalokamata vituo vya ng'ambo. Siku moja, nikiwa nimemkunjulia mzigo sebuleni, likatokea tangazo la insulini. Neno hilo nililifahamu, nikaacha kukunja. Mwanamke wa rika langu anajidunga mara moja asubuhi, kwa kitu kama kalamu, halafu siku nzima yuko huru. Anaendesha gari, anapanda mlima, anakaa kando ya maji na wajukuu. Mwishoni sauti ya mwanamume ilisema maneno mengi kwa haraka. Kiingereza changu cha shule hakikuyashika, na mwanamke alikuwa bado anacheka, nikadhani ni pongezi.

Nilimwambia Mai Chikondi, "Ule ndio ugonjwa wangu." Akasema pole, akaomba kuona kitenge cha bluu.

Njia nzima nilifikiri jambo moja. Yule anachoma mara moja, mimi mara mbili. Insulini si ni insulini? Nikajiambia kwamba mbili ni za sisi watu wa kambini. Sikumuuliza muuguzi, kwa sababu nilijua angekataa.

Alhamisi iliyofuata nilivuta kwenye bomba la sindano kipimo cha asubuhi na cha jioni pamoja. Baba Neema alikuwa anapiga pasi, hakuona. Nilikula sahani kubwa ya nsima, ugali wa huku, na maharage, nikaenda, nikarudi salama. Wiki iliyofuata nilirudia. Nilijiona mjanja. Nikamwambia Baba Neema kwamba nitaanza tena kulala Madisi.

Mara ya tatu kulikuwa na foleni ya maji, nikaondoka na uji kidogo tu tumboni. Kufika Kawale, mikono ilianza kutetemeka. Jasho lilinitoka hadi kitambaa cha kichwa kikalowa. Midomo ilikufa ganzi. Nilimtukana mteja aliyesema kitenge changu kinachuja rangi, na mimi siyo mtu wa matusi.

Halafu hasira ikaisha, nikawa na amani. Mwisho wa kile kichochoro nililiona ziwa. Nawaambia kama lilivyokuwa: Tanganyika yenyewe, na milima ya upande wa pili. Nilisikia harufu ya ndakala. Mama yangu, aliyefariki zamani, aliniita kwa jina la utotoni. Nikamjibu, "Nafika, mama." Nikatua mzigo, nikavua viatu, nikaingiza miguu majini.

Ulikuwa mtaro wa maji machafu mbele ya geti la Mai Chikondi. Watu walikuwa wananicheka, wakisema mgeni amelewa. Mai Chikondi alitoka kuangalia kelele, akakumbuka niliyomwambia siku ya tangazo. Alikoroga sukari nyingi kwenye maji. Nilikuwa bado naweza kumeza, lakini nilimtemea gauni zima. Akanishika kidevu akaninywesha tena, kidogo kidogo.

Ziwa ndilo lililoondoka kwanza. Nililia sana, na wote walidhani nalia kwa kushukuru.

Hospitalini daktari alinieleza polepole. Ile ya televisheni ni dawa nyingine, inayotoka taratibu mwilini mchana na usiku. Ya kwangu ina saa zake za nguvu, na inataka chakula kiikute. "Ulijichoma mara mbili kwa mara moja," alisema. "Ungekuwa peke yako, usingerudi." Nilimuuliza kama naweza kupata ile nyingine. Akasema hawana. Hata ningeipata, yeye ndiye angenipangia kipimo.

Baba Neema alikuja akiwa bado na utepe wa kupimia shingoni. Nilimweleza yote, hata ziwa.

"Mama Neema," alisema, "kama unatamani Uvira, tutaenda wote. Usiende peke yako na sindano."

Baadaye nilirudi kwa Mai Chikondi kumshukuru. Tukalisubiri lile tangazo, nikamwomba anisikilizie ile sauti ya haraka. Alisema, "Anasema usibadilishe dawa bila daktari. Sukari inaweza kushuka sana, na inaweza kuua." Yule mwanamke alikuwa bado anacheka.

Namshukuru Mungu, namshukuru mjane wa Kawale na gauni lake. Ninyi wenye ugonjwa huu, asiyewapimia damu asiwapangie kipimo, hata akiwa mzuri namna gani kwenye kioo cha televisheni. Kuleni kwanza, ndipo mtembee. Mwambieni mtu mmoja habari za ugonjwa wenu kila mahali mnakokwenda, kabla hajawaona mmeanguka.

Bado natembea, na jioni narudi kwenye chungu. Kwenye pindo la kitenge nimefunga sukari. Daktari alisema kila mgonjwa ana dalili yake ya kwanza sukari ikishuka. Wengine ni njaa, wengine kichwa. Yangu ni nyumbani. Ikinijia harufu ya ndakala huku Kawale, siulizi kama ni kumbukumbu tu au ni damu. Nakaa chini hapohapo, nafungua fundo, natia sukari mdomoni, na nangoja Uvira iondoke.