Difu ya Kumpita Baba Mdogo

Ilianza Jumamosi moja ya mvua za Machi, saa nane na dakika ishirini mchana. Muda naukumbuka kwa sababu nilikuwa nimekazia macho saa ya kwenye dashibodi. Sikutaka kutazama mahali pengine popote.

Pikapu yetu ilikuwa imekufa nguvu kwenye kona ya tatu ya mlima unaotoka Muze kuja huku juu. Nyuma tulikuwa na magunia ya mpunga. Baba alitia gia namba moja, akakanyaga mafuta, gari likatetemeka, likazima. Akawasha tena. Likanuka klachi, likazima. Mara ya tatu alipowasha, likaanza kurudi nyuma, na mimi nikashuka kutafuta jiwe la kuweka chini ya tairi. Nikiwa nimeinama hapo na jiwe langu, lori la baba mdogo likatokea chini likiunguruma.

Baba mdogo ni mdogo wake baba, wa tumbo moja. Ana lori, na juu ya mzigo wa lori lake siku ile walikaa abiria wengi, akiwemo msichana wa darasani kwetu ambaye mdomo wake haupumziki. Baba mdogo alisimamisha lori mbele yetu, akashuka na kamba ya nailoni ya bluu. Akafunga ncha moja nyuma ya lori lake na ncha nyingine kwenye bampa letu la mbele. Akalikaza fundo la mwisho kwa mguu.

"Kaka," akasema, "gari lina miguu mirefu, lakini halina pumzi."

Watu wa juu ya mzigo wakacheka. Tukavutwa. Tulivutwa kona zote zilizobaki mpaka tukatokea Ntendo, kwenye upepo. Hapo baba akashuka kufungua kamba, na baba mdogo akamzuia kwa mkono.

"Acha! Mbuzi hafunguliwi kamba kabla ya kufika nyumbani."

Akafungua ncha ya kwake tu, akaondoka. Yule msichana wa darasani akainama kutoka juu ya magunia, akaniangalia usoni, akalia: "Meee!" Basi lori zima likalia meee mpaka likapotea.

Baba aliikunja kamba polepole, akaiweka chini ya kiti. Alisema, "Ametusaidia, mwanangu." Mimi sikujibu. Mimi kwa kawaida sijibu. Nyumbani wanasema nilizaliwa nimemeza ulimi. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaanza kumpikia baba mdogo, na moto niliuwasha palepale Ntendo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba yale matairi ni yeye aliyetuuzia. Mwaka jana pikapu ilikuwa na matairi yake ya kawaida, ikinasa kwenye tope la bondeni, ila mlima ilikuwa inapanda bila ubishi. Baba mdogo akaja na matairi manne makubwa, karibu yafike kiunoni kwangu. "Weka haya, tope halitakuona." Na kweli tope halikutuona tena. Hakutuambia kwamba mlima utatuona. Baba anasema hakujua. Mimi nasema alijua, na hata kama hakujua, alicheka.

Nyumba yake ipo njiani nikienda shule, hapahapa Pito. Kila asubuhi anakuwa nje anapiga mswaki. Na mimi kila asubuhi lazima nisimame.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Mbuzi ameamkaje?"

"Salama."

Hilo "salama" ndilo lililokuwa linanichoma. Nilikuwa nalitoa mwenyewe, kwa sauti ndogo, kama mtu anayelipa ushuru. Darasani nako, nikinyoosha kidole mara moja kwa mwezi, kuna mtu nyuma analia meee.

Baada ya Pasaka baba mdogo akaja kwetu jioni, akala ugali wa ulezi wa mama mpaka akalamba vidole, kisha akasema alichokuja kusema. "Kaka, uza lile gari. Mavuno ya mpunga yakianza mimi nahitaji dereva. Wewe mlima unaujua. Njoo uendeshe lori langu."

Mama akaacha kuosha vyombo. Baba ndiye mkubwa. Ndiye aliyembeba huyu mgongoni kumpeleka kliniki akiwa mtoto, hadithi hiyo tunaijua wote. Sasa aendeshe lori la mdogo wake, aulizwe amechelewa wapi?

Baba akasema, "Ngoja mavuno. Gari likishindwa kupanda lenyewe na mzigo wa kwanza, nitakuja."

Nilijua baba hasemi neno mara mbili. Basi pikapu ilikuwa lazima ipande. Tena, kwangu mimi, kupanda tu hakukutosha.

Fundi wetu ana gereji nyuma ya stoo za mahindi. Akatueleza kwamba hatuhitaji kugusa injini. Ugonjwa uko kwenye difu, yaani lile boga la chuma katikati ya ekseli, ambalo ndani yake jino dogo linasukuma jino kubwa na kugeuza magurudumu. Tairi likiwa kubwa, kila mzunguko gari linaruka mbali zaidi, na injini inalemewa. Nilielewa palepale, kwa sababu nimebeba maji tangu nikiwa mdogo. Ukipanda kilima na ndoo kichwani kwa hatua ndefu, unakata pumzi katikati. Ukipanda kwa hatua fupifupi, unafika. Tulikuwa tumeipa pikapu miguu mirefu, ikabaki kuipa difu ya kufupisha hatua.

"Iliyopo ni nne nukta moja," fundi akasema. "Propela, ule mhimili mrefu unaoleta nguvu ya injini kwenye difu, ikizunguka mara nne na kidogo, tairi linazunguka mara moja. Zinapatikana za mtumba kutoka Tunduma, za aina mbili: nne nukta tano na nne nukta nane. Na kwa kuwa gari hili linavuta kwa magurudumu yote manne, lazima difu ya mbele na ya nyuma zifanane, la sivyo zitavutana kama ng'ombe wawili wasiopendana."

Wakati huohuo nani akaingia? Baba mdogo, anatafuta boliti. Akasikiliza nusu, akatoa hukumu nzima.

"Kaka, chukua namba ndogo. Gia namba moja si ndiyo ya mlima? Gia namba tano si ndiyo ya mwendo? Basi ndogo ndiyo nguvu! Hata mbuzi anajua."

Fundi akafungua mdomo, lakini baba mdogo alikuwa ameshacheka na kutoka. Na baba akawa anaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeingiwa na neno. Kwa masikio ilikuwa hoja nzuri, hata mimi ilinibidi nisimame kidogo niifikirie. Kwenye gia namba ni foleni tu, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye difu namba ni mizunguko. Mizunguko ikizidi, hatua zinakuwa fupi, na nguvu inaongezeka. Nilikuwa najua. Ulimi ukakataa, kwa sababu mle gereji walikuwemo wanaume wengine.

Kesho yake nikachukua chaki na futi ya cherehani ya mama. Spea yetu bado ilikuwa tairi la zamani. Nikalichora alama, nikalibingirisha uani mzunguko mmoja, nikapima: mita mbili na sentimita thelathini. Nikamwita baba asogeze gari mzunguko mmoja wa tairi kubwa: mita mbili na sentimita sitini na mbili. Neno uwiano tulifundishwa shule ya msingi kwa kugawana machungwa, lakini siku ile ndipo nililiona likiwa na kazi. Nikagawa, nikazidisha kwa nne nukta moja, ikaja nne nukta sita na ushee.

"Ina maana gani?" baba akauliza.

"Ukitaka gari lirudi kama zamani kabisa, ni hiyo."

"Lakini hiyo haipo."

"Haipo. Nne nukta tano iko chini kidogo, nne nukta nane iko juu kidogo."

"Na fundi ameniambia pembeni, tano ingetosha. Kwenye mlima itanung'unika, lakini kwenye lami itakuwa tulivu. Nane itapiga kelele kwenye lami, na mafuta itakunywa." Akajikuna shingo. "Safari zetu za mpakani Kasesya, kwenda na kurudi, ni lami tupu. Wewe unaonaje?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza naonaje. Nilikuwa na jibu tangu Ntendo.

"Baba, ile ndogo itafika. Hii kubwa itapita."

"Itapita nini?"

Nikatazama chini ya kiti cha dereva, ambako kamba ya bluu ilikuwa imetoa ncha kama ulimi. Baba naye akaitazama. Kisha akacheka kwa pua, kicheko ambacho sijakisikia kwake tena.

Zikaja difu mbili, mbele na nyuma, zote za nne nukta nane. Zilipofungwa, nilimwomba fundi apandishe gari kwenye jeki, maana muuzaji wa mtumba ni muuzaji wa mtumba. Baba alishika tairi la kulia, fundi la kushoto, wakazungusha pamoja mara moja. Mimi nilikuwa chini, nimechora chaki kwenye propela, nikihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Alama ikapanda tena, ikakaribia juu, ikaishia hapohapo, karibu tano. Nikalala pale chini kwenye oili nikitabasamu peke yangu. Ile chaki nilikuwa naiona ni jino, na najua nilikuwa nataka kumng'ata nani.

Mzigo wa kwanza wa mavuno ulikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa sita. Niliomba kwenda. Chini Muze tulipakia magunia mengi kuliko siku ya kamba, baba mwenyewe alitaka hivyo. Lori la baba mdogo lilikuwa limetutangulia.

Kona ya kwanza tukapanda. Ya pili tukapanda. Kwenye ya tatu nilishika mlango, na jiwe langu niliona bado liko pale pembeni. Pikapu ikaguna, ikatafuta, ikapata. Ikaenda hatua fupifupi, haikimbii, lakini haiombi. Sikushangilia, maana kazi ilikuwa haijaisha.

Tulilikuta lori kona mbili juu, linapanda kwa moshi mweusi. Baba hakupiga honi. Alisubiri mpaka pale magari yanapopishania, akatoka kulia, akaja sambamba na dirisha la mdogo wake. Nikakunjua kidogo ile kamba mapajani mwangu, ionekane.

Nikateremsha kioo cha upande wangu, baba akainama kuja huku, mtu mpole yule, mtu wa kuomba samahani hata kwa kuku. Akainua sauti:

"Mdogo wangu! Nikupe kamba?"

Uso wa baba mdogo nimeuhifadhi. Siku nikiwa na huzuni nautoa nautazama. Na juu ya magunia yake abiria wakalipuka, na sauti ya kwanza ilikuwa ya yuleyule msichana wa darasani: "Meee!" Safari hii walikuwa wanamlilia aliyewabeba. Tukapita. Nyuma yetu meee iliendelea mpaka kona ikaimeza.

Ingeishia hapo ningekuwa mtu mwema. Lakini kutoka Ntendo kuja mjini ni lami, na kwenye lami pikapu yetu ilianza kupiga mayowe kama alivyosema fundi. Baba akaiacha iende taratibu. Haikupita muda honi ikalia nyuma, baba mdogo akatupita, mkono nje ya dirisha, ameushika kama anavuta kamba.

"Mwache," baba akasema. "Lami siyo mlima. Jumatatu namwambia atafute dereva mwingine. Hayo ndiyo tuliyoyataka."

Hayo ndiyo aliyoyataka yeye. Mimi nilikaa nimeuma meno mpaka Pito. Fundi alituonya, na kama ningesema tano, baba mdogo asingetupita kwenye lami. Lakini na sisi tusingempita mlimani. Nilipiga hesabu hiyo mara mbili njiani na kila mara nilichagua nane.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Niliamka kabla ya kengele ya misa, nikavaa sweta juu ya gauni, nikachukua kamba ya bluu, nikailoweka kwenye ndoo ya maji ili mafundo yakaze. Lori la baba mdogo lilikuwa nje ya nyumba yake. Nikaifunga kwenye bampa lake la mbele, mbele ambako hufungwa anayevutwa, mafundo matatu moja juu ya jingine. Ncha iliyobaki nikainyoosha barabarani kuelekea kwetu. Kisha nikaenda kanisani na wazazi wangu.

Baba mdogo aliingia amechelewa, injili imeshasomwa. Akakaa benchi la nyuma yetu, anahema. Padri aliposema tutakiane amani, nikageuka, nikampa mikono yote miwili kama inavyotakiwa kwa mkubwa. Vidole vyake vilikuwa vyekundu, vinanuka nailoni na dizeli. Vyangu pia.

"Amani," akasema, ananitazama machoni.

"Amani, baba mdogo," nikasema. "Mbuzi ameamka salama."

Nikageuka kutazama altare.