Fahali Tuliyemwimbia

Mpaka leo, moshi wa nyama choma ukitoka kwenye bucha za Kitale, hasira hunipanda. Kwaya yetu ya shule ilishinda fahali kule Bungoma. Wakubwa wakamchinja, wakaketi hemani na wageni wao wakitafuna. Sisi tukapewa githeri. Ati nyama ni ya watu wazima! Nani aliimba hadi koo likakauka?

Kisha mwalimu mkuu akaja, mdomo unang'aa mafuta. "Si muwaimbie wageni kidogo?"

Tukajipanga. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa ametuzoesha: hakuna anayefungua mdomo kabla mkono wake haujapanda. Alitutazama, akakunja mikono kifuani.

Watoto arobaini, na hakuna aliyekosea. Tulinyamaza pamoja mpaka nyama yao ikapoa.